Mkono Uliotia Rangi

Ewe msomaji, huenda nawe umewahi kuchora kwa mkono wako sura ya mnyama au mtu uliyempenda katika katuni. Mistari ilitoka vizuri, wenzako wakakusifu. Kisha ukaanza kutia rangi, na picha ikaharibika: rangi ikavuka mpaka, nyekundu ikaingiliana na kijani ikawa kama tope, na uso uliokuwa ukicheka ukafifia. Usikate tamaa. Mafundi waliowaumba hao uwapendao walipatwa na taabu iyo hiyo, na historia yao yatufundisha namna ya kuishinda.

Katuni nyingi za kwanza za sinema zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 1914 Mmarekani Earl Hurd aliomba haki ya uvumbuzi wake wa kuchora watu na wanyama juu ya karatasi angavu za seluloidi, ili mandhari ichorwe mara moja tu na kuonekana nyuma yao. Mwaka uliofuata alipewa haki hiyo.

Mwaka 1932 karakana ya Walt Disney, mjini Los Angeles, ilikuwa ikitengeneza katuni fupi iitwayo Flowers and Trees. Kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa kwa nyeusi na nyeupe, lakini Disney aliamuru ifanywe upya kwa rangi kamili za Technicolor. Mara matatizo yakazuka. Rangi zilibanduka katika seluloidi, na joto la taa likazififisha. Mafundi hawakuacha, walitafuta rangi zenye kushika vema, wakarudia tena na tena. Mwaka huo huo katuni hiyo ilipata tuzo ya Academy, ya kwanza kabisa kutolewa kwa katuni.

Sasa tazama walivyofanya kazi. Mistari ya wino ilipigwa upande wa mbele wa seluloidi. Kisha ikageuzwa, rangi ikatiwa upande wa nyuma. Kwa hiyo rangi haikuweza kufunika mstari, wala alama za burashi hazikuonekana. Tena, seluloidi zilipopangwa moja juu ya nyingine, zile za chini zilionekana kufifia kidogo. Hivyo iliwapasa kubadili rangi kwa kadiri ya tabaka, ili koti la shujaa lisigeuke katikati ya hadithi. Katika Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa mwaka 1937, wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake vijana. Sinema huhitaji picha 24 kwa kila sekunde. Fikiri basi subira yao! Lakini majina yao hayakuandikwa mwanzoni mwa picha, na watazamaji waliowashangilia wale vibeti hawakuwajua.

Nawe je, utajifunza nini? Kwanza, jaribu kila rangi katika kipande cha karatasi kabla ya kuitia katika picha. Pili, ngoja rangi ya kwanza ikauke ndipo utie ya pili kando yake. Tatu, usianzie mpakani. Anza katikati ukienda polepole kwenye mstari. Nne, mandhari iwe na rangi pole kuliko mhusika, ili jicho limwone yeye kwanza. Tano, chagua rangi chache, uzishike mpaka mwisho.

Mwaka 1990 karakana hiyo hiyo ilitoa The Rescuers Down Under, ambayo rangi zake zilitiwa kwa kompyuta, na burashi zikawekwa kando. Hata hivyo kompyuta haikuondoa haja ya jicho lenye kuchagua.

Sura uliyoiiga ni ya mwingine, wala si aibu kukiri hivyo. Lakini subira utakayoitia ndani ya mistari yake ni yako mwenyewe. Basi utakapoketi tena na rangi zako, wakumbuke wale wanawake ambao majina yao hayakuandikwa, wala usifanye haraka. Haraka haraka haina baraka.