Wachoraji Waliotuachia Sura Takatifu

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, yafaa tuwakumbuke wachoraji waliotuzoesha sura za miungu tunazozisujudia nyumbani.

Raja Ravi Varma (1848–1906) alijifunza mbinu ya Ulaya ya rangi za mafuta, akaitumia kuwachora Lakshmi na Saraswati. Mwaka 1894 alianzisha kiwanda cha uchapaji mjini Bombay. Tangu hapo hata mtu wa kipato kidogo, au aliyezuiwa kuingia hekaluni kwa sababu ya tabaka lake, aliweza kutundika picha takatifu ukutani kwake. Huko Gujarat, Ravishankar Raval alilichorea jarida la Visami Sadi, lililoanza mwaka 1916. Mwaka 1924 akaanzisha la kwake, Kumar.

Nasi hapa Bariadi tunaishi katika nchi ya Wasukuma, wenye wachoraji wao. Bayeye, mabingwa wa nyoka na dawa zake, walichora kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanachama. Hans Cory alizitolea kitabu picha hizo, kilichochapishwa London mwaka 1953. Kuta za udongo hubomoka, kitabu kimebaki.

Basi vijana wanaopamba hekalu letu wajifunze kwa wote hawa. Varma aliazima mbinu ya ugenini bila kuyaacha ya kwao. Nasi wazee, kabla ya kutupa kalenda na picha zilizofifia, tuzihifadhi nakala zake, tukiandika zilitoka wapi na nani alizileta.