Hospitali kwa Jicho la Aliyelala

Maradhi huja na maumivu yake, lakini nyumba ya kutibia inaweza kuongeza maumivu mengine juu ya hayo. Taa kali inayochoma macho, mlango unaobamizwa usiku, harufu nzito ya dawa, ukuta mtupu unaotazamwa tangu asubuhi hata jioni: mambo haya hayaandikwi katika cheti cha daktari, wala hayana jina katika orodha ya magonjwa. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adhabu ya wodi vilevile aijuaye ni mgonjwa, na mgonjwa aghalabu hana nguvu ya kuisema. Kwa sababu hiyo historia ya hospitali inaweza kusomwa kama jibu la swali moja: je, nyumba hii imejengwa kwa ajili ya anayesimama kutibu, au kwa ajili ya anayelala kutibiwa?

Mwezi wa Novemba 1854, wakati wa vita vya Krimea, Florence Nightingale aliwasili Scutari, karibu na Istanbul, pamoja na wauguzi 38. Hospitali aliyoikuta ilikuwa kambi ya askari iliyogeuzwa matumizi. Chini yake mlipita mifereji michafu, na ndani yake hewa ilikuwa nzito. Katika vita vile askari waliouawa na maradhi walikuwa wengi sana kupita waliouawa na majeraha. Mwezi wa Machi 1855 tume ya usafi ilifika kutoka Uingereza, ikasafisha mifereji na kupitisha hewa, na vifo vikapungua sana. Hivyo ilidhihirika kuwa jengo lenyewe linaweza kuua.

Walakini Nightingale aliona jambo la pili lililo dogo kwa sura na zito kwa maana: jengo linaweza kumtesa mtu bila kumwua. Katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, alitenga sura nzima kwa ajili ya kelele. Hoja yake ilikuwa kwamba sauti imdhuruyo mgonjwa si lazima iwe kubwa. Mnong'ono wa watu wawili mlangoni humdhuru zaidi, kwa kuwa humfanya akaze masikio na kuhisi kuwa yeye ndiye anayesemwa. Aliyelala akigutushwa ghafula huenda asipate usingizi tena. Hata kuchakarika kwa magauni mapana ya wakati ule alikulaumu. Alitaka kitanda kiwekwe mahali ambapo mgonjwa aweza kuona nje, akashika kwamba rangi na maua huufikia mwili, wala si moyo peke yake.

Wajenzi walimsikia nusu. Hospitali za mabanda marefu, yenye madirisha pande zote mbili, zilienea. Mfano wake mashuhuri ni hospitali ya St Thomas, iliyofunguliwa London mwaka 1871. Hewa na mwanga vilipatikana. Lakini banda moja lenye safu mbili za vitanda lilimwezesha mwuguzi kuwaona wagonjwa wote kwa mtupo mmoja wa jicho, na lilimlazimisha kila mgonjwa kusikia kikohozi cha wote. Pafu lilihurumiwa, sikio likasahauliwa.

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka Ufini. Mwaka 1929 msanifu Alvar Aalto alishinda mashindano ya kubuni hospitali ya kifua kikuu huko Paimio, na ujenzi ulimalizika mwaka 1933. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku zile aliugua akalala chali, akatambua kwamba vyumba vya kawaida hubuniwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, hali mgonjwa ni mtu aliyelala. Kwa aliyesimama, dari ni kitu cha juu kisichotazamwa. Kwa aliyelala, dari ndiyo ukuta wa mbele.

Kutokana na wazo hilo kila kitu kilipangwa upya. Dari ilipakwa rangi ya kijani iliyotulia, isiyochosha macho. Taa iliwekwa mahali ambapo mwanga wake haukumchoma mgonjwa usoni. Joto lilielekezwa miguuni, lisimwelemee kichwani. Kila chumba kilikuwa na wagonjwa wawili, na kila mmoja alikuwa na beseni lake la kunawia, lililoinamishwa ili maji yateleze badala ya kupiga kwa kishindo. Hivyo mmoja aliweza kunawa bila kumsumbua mwenzake. Kifua kikuu kilikuwa bado hakina dawa ya hakika. Pumziko, hewa na jua ndiyo yalikuwa matibabu, na kwa hiyo nyumba yenyewe ilikuwa dawa.

Baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana katika miaka ya 1940, fikira hiyo ilififia. Hewa ikasukumwa kwa mitambo, na dirisha likaonekana kuwa pambo. Kuta na sakafu ngumu, zilizochaguliwa kwa urahisi wa kuzisafisha, zilirudisha kila sauti. Na kando ya kitanda vikasimama vyombo vyenye vilio vyake. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sauti ndani ya wodi usiku isizidi desibeli 30, kiasi kinachokaribia mnong'ono. Vipimo vilivyochapishwa vimeonyesha kuwa hospitali nyingi huvuka mpaka huo.

Katika zama za vipimo, huruma nayo ilidaiwa ushahidi. Roger Ulrich aliuleta mwaka 1984. Alichunguza kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za miaka 1972 hadi 1981, akalinganisha wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo. Nusu yao dirisha lao lilielekea miti. Nusu lilielekea ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96 baada ya kupasuliwa, na wenzao siku 8.70, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Uchunguzi huo ni wa hospitali moja na watu wachache, wala hausemi kuwa mti huponya. Lakini tangu hapo aliyetaka kuziba dirisha alipaswa kutoa sababu.

Wako wasemao kuwa utulivu ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi maskini inunue dawa kwanza. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 ikiwa na vitanda 140, ni jibu kwao. Njia za kupitia ziliwekwa nje ili hewa yenye vijidudu isikae ndani. Vitanda vya wodi viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, na kila mgonjwa akaelekezwa dirishani kuiona milima. Mpango ule ule ulilinda pafu na kutuliza moyo. Kugeuza kitanda hakuhitaji mtambo. Kwahitaji kwamba kabla ya ramani kuchorwa, mmoja wa wachoraji alale chali, atazame juu, na kuuliza ataona nini.