Msaada wa kisheria, Uvira

Huduma ya wakili kwa asiye na uwezo katika mji wa Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 19, humpa kila mtu haki ya kutetewa. Sheria ya mawakili ya 1979 hukitaka kila chama cha mawakili kuwa na ofisi ya mashauri ya bure, na mwombaji huthibitisha hali yake kwa cheti cha umaskini. Kwenye karatasi hakuna kinachopungua. Kinachokosekana ni fedha za Serikali, hivyo mzigo huangukia mawakili wenyewe na wafadhili wa kigeni.

Umbali nao umekuwa ukigharimu. Uvira kuna mahakama, lakini rufaa zilikuwa zikisikilizwa Bukavu, safari ya kupitia Kamanyola na milima ya Ngomo. Watetezi wa mahakama, wasio mawakili kamili, hutoza nafuu, ila hawaruhusiwi kusimama mbele ya mahakama ya rufaa.

Mfano unaojulikana zaidi wa msaada huu ni wa mji wa Baraka, kando ya ziwa hilohilo, Februari 2011. Mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa hapo, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware wa jeshi la Serikali kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kufuatia ubakaji wa Fizi wa Januari Mosi mwaka huo. Wanawake waliodhulumiwa walikuwa na mawakili bila kulipa. Gharama za kikao hicho zilibebwa na wafadhili wa nje, na hapo ndipo penye udhaifu: mfadhili akiondoka, kikao nacho hakipo.