Samaki wa Birika

Katika nyumba za kale za Lamu, chooni mna birika la maji, na ndani yake waliwekwa visamaki. Kazi yao ilikuwa moja: kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilizamishwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Kwangu mimi, hiyo ndiyo idara ya afya ya kwanza ya mji ule.

Mwaka 2004 mvua ziliadimika. Watu wakaweka akiba ya maji kwenye mapipa na madumu, na dumu halina samaki. Homa ikaingia mtaa kwa mtaa, vifundo vikavimba, watu wazima wakatembea wamejipinda. Ilikuwa chikungunya, iliyotambuliwa mara ya kwanza 1952–53 katika uwanda wa Makonde, na hata jina lake la Kimakonde latokana na kule kujikunja. Uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi, yapata watu 13,500, waliambukizwa. Kisha maradhi yakashika njia za majahazi: Mombasa, Komoro, Réunion, ambako waliugua zaidi ya 200,000, hadi India mwaka 2006. Huko Réunion kirusi kilibadilika kidogo tu, kikamzoea mbu mwingine. Hayo yote hakuna aliyeyakusudia.

Waliokusudia nao wamekuwepo. Wakati wa Mau Mau ng'ombe walitiliwa sumu ya utomvu wa mti. Mwaka 1993 kundi la kidini la Aum Shinrikyo lilinyunyiza kimeta jijini Tokyo, lisimwue mtu: aina waliyoitumia ilikuwa ya chanjo. Fedha walikuwa nazo, wasomi pia. Walichokosa ni fundi wa kuwaambia wamekosea wapi.

Hapo ndipo akili unde inapotia hofu. Mwaka 2022 watafiti wa dawa nchini Marekani walieleza jinsi walivyoigeuza programu yao ya akili unde itafute sumu badala ya tiba. Kwa chini ya saa sita ikatoa michoro ya molekuli 40,000. Ni kemia, si kirusi, na mchoro si maabara. Lakini fundi aliyekosekana Tokyo sasa huenda akapatikana kwenye simu.

Novemba 2023, huko Bletchley, Uingereza, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 28 zilizokubaliana kuhusu hatari za akili unde, bioteknolojia ikitajwa waziwazi. Vyema. Ila Lamu ile homa ilikwisha kulala nyumba nyingi kabla maabara haijaipa jina.