Mtungi Uliopanda Gari

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tuanze na mtungi. Maji yake huwa baridi kwa sababu machache hupenya kwenye udongo na kukauka kwa nje. Yanapokauka, huchukua joto la yale yaliyobaki ndani.

Wamarekani walilipandisha wazo hilo garini. Route 66, barabara iliyoanzishwa 1926 kutoka Chicago kwenda California, ilipita jangwa la Mojave, na magari ya wakati huo hayakuwa na AC. Packard ilipoanza kuuza magari yenye AC ya kiwandani, toleo la mwaka 1940, bei ilikuwa ya matajiri. Basi wasafiri wengi walining'iniza bomba nene la bati kwenye dirisha la abiria. Ndani yake mlikuwa na maji na maranda au kitambaa kilicholowa. Gari likikimbia, upepo uliingia kwa mbele, ukapita kwenye unyevu huo, ukatokea ndani ukiwa baridi. Hakuna kompresa, hakuna gesi.

Tupige hesabu. Lita 1 ya maji ikikauka kwa saa 1 huondoa joto la wati 670 hivi, karibu sawa na joto la miili ya watu 6 au 7 walioketi.

Lakini kuna sharti: dirisha lingine lazima liwe wazi kidogo. Ukifunga yote ili baridi isitoroke, hewa hushiba unyevu, maji hayakauki tena, na hata jasho lako halikauki. Kwa sisi waandishi wa programu, ni kama foleni isiyosomwa: ikijaa, kazi yote inasimama. Sharti hilo halikubadilika vifaa hivi vilipohamia juu ya paa za magari ya kulala, vikiwa na feni na pampu ya volti 12.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, zaidi ya nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa na AC, na yale mabomba yakawa vitu vya makumbusho.

Kwetu je? Hewa ya jangwani yenye nyuzi 40 na unyevu asilimia 10 inaweza kushushwa hadi karibu nyuzi 19. Hewa ya Mombasa yenye nyuzi 32 na unyevu asilimia 75 haishuki chini ya 28. Kwa hiyo ukiuziwa feni ya maji huko pwani kama mbadala wa AC, chunga mfuko wako. Na ukiinunua ukiwa bara kwenye ukame, fungua dirisha!