Supasimetri: pacha anayesakwa kila kona, bado kimya

Supasimetri ni nadharia ya fizikia iliyoanza miaka ya 1970. Inasema kila chembe tunayoijua ina pacha wake, mzito zaidi, ambaye mpaka leo hajaonekana.

Kwa nini asakwe? Chukua mfano wa sokoni Mabamba, wilayani Kibondo. Unaweka maharage kilo moja, mizani inasoma sita. Utasema mizani mbovu. Lakini wanasayansi wamepima mwendo wa nyota, galaksi, hata mwanga uliobaki wa Mlipuko Mkuu, na jibu ni lile lile: maada isiyoonekana ni kama mara tano ya ile ya kawaida. Hiyo ndiyo maada ya giza. Pacha mmoja, nyutralino, anafaa kuwa ndiye: hana chaji na hatoi mwanga.

Sasa anajaribiwaje? Modeli ziko nyingi mno. Kompyuta hupewa uzito wa mapacha, kisha inapiga hesabu: nyutralino wangebaki wangapi ulimwenguni? Chembe ya Higgs ingekuwa na uzito gani? Jibu moja likigoma, modeli inatupwa.

Hapo ndipo kasheshe. Higgs ilipatikana mwaka 2012, uzito wake kama mara 133 ya protoni, na katika modeli rahisi hilo linataka mapacha wazito sana. Mashine ya LHC, yenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, haijaona hata mmoja. Pacha wa gluoni, kwa modeli nyingi, angekuwa na uzito unaozidi protoni mara 2,000. Huko Dakota Kusini, Marekani, kifaa cha LZ chenye tani 10 za zenoni kimekaa chini ya ardhi kama kilomita 1.5 kikisubiri nyutralino agonge. Matokeo ya 2022 na 2024: hakuna kitu. Ukikwepa huku, unanaswa kule.

Imekufa basi? Hapana, ila modeli zile nzuri na rahisi zimeumia vibaya. Aina moja ya nyutralino, ya uzito wa karibu mara 1,200 ya protoni, bado inatoa kiasi sahihi cha maada ya giza, na LHC haina ubavu wa kuifikia.

Kijana wa Kibondo anayetaka kuingia kwenye hesabu hizi hahitaji kuanzia Ulaya. Taasisi ya EAIFR jijini Kigali, iliyofunguliwa 2018, inafundisha fizikia hadi uzamivu.