Kaswende na Sikio katika Historia ya West Nile
Eneo la West Nile, ambamo zimo Arua na Koboko, lilipotolewa Sudan na kutiwa Uganda mwaka 1914, madaktari wa kikoloni walikwisha kuamini kwamba kaswende imeenea kila mahali, kwa kuwa Kanali Lambkin wa jeshi la Uingereza alitangaza mwaka 1908 kwamba sehemu kubwa ya Waganda wanaugua, na hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Hesabu ya Lambkin haikustahili kuaminiwa, maana vidonda vya buba, maradhi ya utotoni yanayoambukiza kwa kugusana ngozi, huletwa na bakteria aliye ndugu wa yule wa kaswende, na kipimo cha damu kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1906 hakikuweza kuwatenganisha.

Macho ya tiba yalikuwa kwenye ngozi, sikio halikuulizwa. Sikio la ndani, lililofichwa katika mfupa wa kichwa, lina koklea, mrija uliojiviringisha kama konokono na unaopokea sauti, pamoja na mifereji mitatu inayopima mwendo wa kichwa. Kaswende ikifika huko, na VVU vinaweza kuiharakisha kwa kudhoofisha kinga, masikio huvuma, usikivu huweza kupungua ndani ya siku chache, na mgonjwa anayeambiwa asimame miguu pamoja na kufumba macho huweza kuyumba.

Penisilini ilithibitika kuiponya kaswende mwaka 1943, lakini ile ya benzathini, nzito na nyeupe kama maziwa, inayochomwa kwenye tako na kuuma sana, haifiki kwa kiasi cha kutosha katika maji yanayouzunguka ubongo. Kwa hiyo mwenye dalili za sikio, anayetibiwa kama mwenye kaswende ya ubongo, huhitaji penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14, na hata hapo usikivu uliokwisha kupotea huenda usirudi.

Huko West Nile uziwi una visababishi vingi: homa ya uti wa mgongo, ambayo ukanda wake unapita huko, kwinini ya malaria na streptomisini ya kifua kikuu, hata si ajabu kaswende ikawa ya mwisho kushukiwa. Leo kliniki za wajawazito hupima VVU na kaswende kwa tone moja la damu na kijiti kimoja. Lakini mstari wa kaswende kwenye kijiti hicho huweza kujitokeza hata kwa aliyetibiwa zamani, au kwa mzee aliyeugua buba utotoni, na mkanganyiko wa 1908 humrudia tabibu anayemtazama mgonjwa asiyesikia.